Rudisheni mlima kwenye picha

Mwaka jana nilipiga picha za harusi Tukuyu. Bibi harusi aliniomba jambo moja: apigwe kwenye mashamba ya chai, Mlima Rungwe uonekane nyuma, kwa sababu baba yake alichuma chai pale tangu ujana na hela hiyo ndiyo iliyomsomesha. Nikafunga lenzi ya milimita 85, nikafungua tundu la kupitishia mwanga hadi f/1.8 kama nilivyozoea (namba ya f ikiwa ndogo tundu ni kubwa, na nyuma hufifia). Siku ya kukabidhi albamu, mzee aliifungua taratibu, akafika katikati, akaniuliza: "Mwanangu, hapa tulikuwa wapi?"

Nyuma ya binti yake kulikuwa na kijani kilichoyeyuka na doa la buluu juu yake. Basi.

Sisi wapigapicha wa Mbeya na Iringa tumeifanya nyuma iliyofifia kuwa ndiyo alama ya utaalamu, na wateja nao wamezoea kuidai. Hata simu siku hizi zinaitengeneza kwa programu, ambayo inakisia ukingo wa mtu na mara nyingi inakata nywele na ncha za kilemba. Naona tunawapunja watu. Ukimpiga mtu chini ya jiwe la Gangilonga pale Iringa kisha ukalifuta jiwe, ulimpandisha kule kufanya nini?

Hesabu yenyewe haina siri. Kwa kamera yenye sensa (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) ya milimita 36 kwa 24, lenzi ya 85 ikiwa f/1.8 na mtu yuko mita 3, eneo lenye ukali lina kina cha sentimita 13 hivi. Bwana harusi akisimama hatua moja nyuma ya mkewe, kope za mke zinahesabika na uso wa mume umeshafifia. Chukua lenzi ya milimita 24, f/8, fokasi kwenye mita 2.4: kila kitu kuanzia mita 1.2 hadi upeo wa macho kinakaa sawa. Ila lenzi pana kama hiyo ya 24 huufanya mlima uwe mdogo. Mimi nikiutaka mkubwa nabaki na 85, narudi nyuma hadi mita 12, nafunga hadi f/11. Mlima unalainika kidogo tu, na mtu wa Rungwe ataujua mara moja.

Wenzangu hunijibu kwamba mwanga hautoshi. Ni kweli, kutoka f/1.8 hadi f/8 unapoteza mwanga karibu mara 20, na Tukuyu mawingu hayaishi. Lakini kamera za sasa zinavumilia ISO 2000, yaani kuongezewa wepesi wa kuhisi mwanga, bila shida, na chenga kidogo haziharibu kumbukumbu ya mtu. Ukumbini usiku, fungua. Mwanjelwa pale Mbeya, kwenye msongamano wa bajaji na mabango, fungua pia, uso wa mtu upate kupumua. Ninachokataa ni kufungua kabla hujageuka kutazama kilicho nyuma ya mtu.

Mwezi uliofuata nilirudi Tukuyu kwa nauli yangu. Mzee mwenyewe alichagua pa kusimama, mwisho wa mstari aliokuwa akichuma, binti yake kulia, mkwewe kushoto. Tulingoja wingu liondoke kileleni kwa karibu saa nzima. Nikapiga kwa f/11.