Kura nne za Olympia: nani aamue barabara zichunguzwe vipi?

Wengi wetu tumezoea kamati ya bunge inayopokea bajeti ya wizara kutoka serikalini, ikaichambua na kuipitisha. Katika jimbo la Washington, kaskazini magharibi ya Marekani, ambalo makao makuu yake ni Olympia, mambo yako tofauti. Gavana hupendekeza, lakini kamati mbili za uchukuzi, moja ya Baraza la Wawakilishi na nyingine ya Seneti, ndizo zinazoandika bajeti ya uchukuzi kifungu kwa kifungu, mbali na bajeti ya uendeshaji na ile ya majengo. Ndiyo maana viti vyake vinagombewa. Karibu theluthi ya wawakilishi 98 na maseneta 49 huketi humo, kila mmoja na daraja au kivuko cha kwao mkononi.

Mbali na kamati hizo kuna chombo kisichosikika sana, Kamati ya Pamoja ya Uchukuzi, iliyoundwa kwa sheria mwaka 2005. Haipitishi miswada. Kazi yake ni kufanya utafiti: vivuko vigharimiwe vipi, malori yaegeshwe wapi, wasioendesha gari wasafiri kwa njia gani. Uongozi wake ni watu wanne: wenyeviti wa kamati mbili za uchukuzi, ambao huwa wenyeviti wenza, pamoja na mjumbe mwandamizi wa chama cha wachache kutoka kila kamati. Wanne hao lazima wakubaliane wote kuhusu mpango kazi wa mwaka. Mmoja akikataa, mpango haupiti. Wajumbe wengine huteuliwa na hao hao wanne kutoka kamati za uchukuzi, na sheria inaruhusu uanachama ubadilike kulingana na jambo linalochunguzwa.

Je, ni haki mtu mmoja kati ya wanne awe na nguvu ya kuzuia? Wanaoitetea kanuni hii wana hoja nzito. Miradi ya barabara huishi muda mrefu kuliko wingi wa chama chochote. Mpango wa Connecting Washington wa 2015 ulikuwa wa miaka 16 na dola bilioni 16, na uliongeza kodi ya mafuta kwa senti 11.9 kwa galoni, kwa awamu mbili. Wakati ule Baraza la Wawakilishi lilikuwa la Democratic na Seneti ya Republican. Isitoshe, muswada wa kukopa kwa hati fungani za jimbo unahitaji asilimia 60 ya kura katika kila upande wa Bunge, hivyo mara nyingi chama cha wachache kinahitajika mwishoni. Ni heri takwimu ziwe zimekubaliwa mapema kuliko kila chama kuja na mtaalamu wake siku ya kupiga kura. Ripoti ya Kamati ya Pamoja kuhusu fedha za vivuko ni mfano mzuri. Ilifuatiwa na sheria ya 2007 iliyoagiza abiria wa vivuko wahojiwe mara kwa mara, na majibu yao yatumike kupanga nauli na uwekezaji. Ripoti ya upande mmoja isingefika mbali hivyo.

Upande wa pili nao haukosei. Tangu mwishoni mwa 2017 Democratic wanashika pande zote mbili za Bunge, lakini katika mpango kazi kura mbili kati ya nne bado ni za Republican. Mpiga kura aliyewapa chama kimoja wingi ana haki ya kuuliza kwa nini walioshindwa waamue kipi kichunguzwe. Na kuzuia utafiti ni rahisi kuliko kuzuia muswada, kwa kuwa hakuna kura ya wazi ya kumwonyesha mwananchi; jambo linaachwa tu nje ya orodha.

Tena kugawana uongozi peke yake hakuleti maafikiano. Mwaka 2013 maseneta wawili wa Democratic waliungana na Republican kuongoza Seneti, na kamati ya uchukuzi ikapewa wenyeviti wenza: Tracey Eide wa Democratic na Curtis King wa Republican. Kwenye karatasi, usawa mtupu. Baraza la Wawakilishi lilipitisha nyongeza ya kodi ya mafuta mwaka huo, Seneti ikaiacha bila kuipigia kura, na mpango ulipatikana 2015 tu.

Lakini mjadala huu wa kura ya nne unaacha kitu kikubwa pembeni. Tafiti nyingi huagizwa kwa kifungu ndani ya bajeti yenyewe, pamoja na fedha zake na tarehe ya ripoti, na bajeti hupita kwa wingi wa kawaida. Chama chenye wingi kikitaka jambo lichunguzwe kwa namna fulani, kinaweza kuandika hadidu za rejea kwenye bajeti, na wale wanne wakabaki kupanga utekelezaji. Kanuni ya kauli moja inabana pale isipohitajika sana, na inakwepwa pale ambapo swali linaweza kupindishwa kabla ya utafiti kuanza.

Kalenda nayo inaumiza. Bajeti mpya hutiwa saini takribani Mei, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Baada ya hapo huandikwa hadidu za rejea, hutangazwa zabuni, huchaguliwa mshauri mwelekezi na kusainiwa mkataba. Ripoti ikidaiwa kabla ya kikao kinachoanza Jumatatu ya pili ya Januari, mshauri amebakiwa na miezi mitatu au minne ya kazi yenyewe. Hapo hakusanyi takwimu mpya. Anachukua za idara ya uchukuzi, idara ile ile anayotakiwa kuipima.

Kwa maoni yangu kauli moja ibaki kwenye mpango kazi, ila pendekezo lililokataliwa liandikwe na jina la aliyekataa. Kifungu cha utafiti kwenye bajeti kipitiwe na wote wanne kabla ya bajeti kupigiwa kura. Wasipewe nguvu ya kukifuta, bali wiki moja ya kurekebisha swali. Tarehe ya ripoti isipungue miezi 9 tangu mkataba kusainiwa.

Uanachama nao usiachwe kwa wanne peke yao. Kamati ya ukaguzi na tathmini ya Bunge hilo hilo ina maseneta 8 na wawakilishi 8, wanaogawanywa sawa kwa vyama, na idadi hiyo imo ndani ya sheria. Kamati ya Pamoja ya Uchukuzi inaweza kuiga hilo na kuongeza sharti la kijiografia: uchunguzi unaogusa vivuko uwe na mjumbe wa visiwani, na unaogusa njia za milima ya Cascade uwe na mjumbe wa mashariki ya milima hiyo.