Gia boksi mnaiogopa bure, usukani ndio mnaudharau

Hapa Goma, mtu akisikia gia boksi inalia anakosa usingizi. Anazima gari, anamwita mekanisiye, anaanza kupiga hesabu ya dola kabla hata ya kujua shida iko wapi. Lakini usukani ukilegea, tairi moja ikatazama Himbi na nyingine ikatazama Ndosho, mtu huyo huyo ataendesha miezi mizima akisema, "Nimeshauzoea." Kwangu mimi, hofu hiyo imekaa pasipo pake. Gia boksi ikikufia utalala njiani. Rotile, kile kiungo chenye kichwa cha duara kinachoruhusu tairi kugeuka, ikichomoka kwenye kona za njia ya Minova, juu ya ziwa, hutapata nafasi ya kumwita mekanisiye.

Sisemi haya ili kuwatetea wenye garaje. Mimi ni wa wale wanaotengeneza gari ndani ya parsele, kati ya jiko na tangi la maji ya mvua, watoto wakipitisha spana. Kazi nyingi zinazokula pesa zetu zinawezekana pale pale nyumbani. Ila kwanza tumalize suala la mawe. Sehemu kubwa ya mji wetu imekaa juu ya lava, ile ya 2002 na za kabla yake, kwa hiyo mawe hayakosekani, na ndiyo watu wanayotia chini ya gari. Jiwe la volkeno lina matundu tele ndani. Linaweza kubeba gari asubuhi nzima, halafu likapasuka wakati unavuta nati iliyoshika kutu kwa nguvu zako zote, na kichwa chako kiko chini. Tofali la simenti ni vile vile. Tafuta stendi za chuma. Ukikosa, panga vipande vizito vya mbao kwa kupishanisha, vipana chini, na jeki ibaki ni ya kuinulia tu.

Sasa gia boksi. Kabla hujagusa bolti, sikiliza. Gari limesimama, injini inawaka, gia iko huru: ukikanyaga klachi na mlio ukapotea, mshuku beringi ya shafti inayoingia kwenye boksi. Mlio ukija pale unapokanyaga, ni beringi ya klachi. Rivasi ikikwaruza kila mara na gia zote zikiwa nzito, angalia silinda ya klachi kama inavuja, maana huenda boksi halina kosa lolote, ni klachi isiyoachia. Ikiwa ni gia ya pili peke yake inayokwaruza, hapo ndipo uanze kufikiria pete ya sinkro, ile inayolinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana. Wangapi wameshushiwa boksi zima, wakalipa, kisha ikaonekana kilichohitajika ni raba ya silinda!

Mafuta yake nayo mnayachukulia mchezo. Fungua kizibo cha kujazia kwanza, kabla ya kile cha kumwagia, kwa sababu ukimwaga halafu cha kujazia kikakataa kufunguka, gari limekuwa pambo la parsele. Jaza mpaka yachungulie mdomoni mwa tundu. Na soma kopo: boksi nyingi za zamani za mkono zenye pete za shaba nyeupe zinataka mafuta ya daraja la GL-4. GL-5 ina dawa nyingi zaidi ya salfa, na baadhi ya mafuta hayo hula hizo pete polepole. Kwa gari lenye CVT, yaani boksi la otomatiki lisilo na hatua za gia, mambo ni makali zaidi. Ndani kuna mkanda wa chuma unaobana kwenye puli, na mafuta yake yametengenezwa ili mkanda usiteleze. Ukitia ATF ya kawaida, yaani mafuta ya boksi za otomatiki nyingine, kwa sababu muuzaji amesema "yote ni mamoja", umeliua. Mafuta ya bidoni isiyo na maandishi mimi sinunui, hata yakiwa nusu bei.

Kubadilisha disiki ya klachi nyumbani? Ndiyo, mkiwa wawili na jeki ya pili. Boksi la Land Cruiser pamoja na transifa yake, ile inayogawa nguvu kwa tairi za mbele na za nyuma, si kitu cha kupokea kwa kifua. Wakati wa kurudisha, disiki iwe katikati kabisa, na boksi lisining'inie kwa shafti yake ndani ya disiki, maana kitovu cha disiki kitapinda. Likikataa kuingia, usilivute kwa bolti. Litoe, lielekeze upya. Lakini kulifungua boksi lenyewe, kutoa gia na beringi, hapo mimi nasimama. Vumbi letu jeusi ni mchanga wa volkeno, na huo ukiingia ndani ya beringi unasaga chuma. Kazi hiyo inataka presi, meza safi na chumba kinachofungwa. Wachache wanavyo.

Turudi kwenye usukani, ambao ndio ulionifanya niandike. Njia zetu za mitaa ni mwamba mtupu, na kila pigo linaishia kwenye rotile. Kuikagua ni bure. Inua tairi, shika kushoto na kulia, tikisa: ukisikia mchezo, ni tairodi, ile fimbo inayosukuma tairi, au krimayeri, reli ya meno inayoisogeza fimbo hiyo. Shika juu na chini: ni rotile ya mkono au beringi ya tairi. Mtu mwingine aangalie kwa ndani kinachocheza. Rotile mpya ya tairodi unaweza kuifunga mwenyewe, ukihesabu mizunguko ya uzi wakati wa kutoa ile ya zamani ili tairi zirudi karibu na zilipokuwa, kisha ukazipima kwa kamba hadi utakapofikia mashine ya paralelismi, ile inayonyosha mwelekeo wa tairi. Gupiye, ile pini ndogo inayozuia nati isifunguke, iwe mpya. Msumari uliopindwa si gupiye.

Nisichokikubali ni yale "matengenezo" tunayoyasifu kuwa ni ujanja wa Kikongo: kuchomelea tairodi iliyovunjika, kupasha moto kilichopinda na kukinyosha kwa nyundo, kujaza raba ndani ya rotile iliyoliwa. Moto wa kuchomelea hubadilisha chuma kile, na pembeni ya chomeleo hubaki sehemu ngumu inayokatika bila kuonya. Halafu kuna skrubu ya boksi la usukani kwenye magari kama Land Cruiser za zamani. Usukani ukicheza, mtu anaikaza mpaka mchezo unaisha, anafurahi. Lakini gia za mle ndani huliwa zaidi pale katikati, kwa hiyo ukikaza hadi katikati pawe sawa, pembeni panabana. Ukikata kona usukani haurudi wenyewe. Kaza kidogo sana, jaribu, na kama haitoshi, boksi limekwisha.

Na hawa wanaohamisha usukani kutoka kulia kwenda kushoto uani? Sisi tunapita kulia, na magari mengi yanatufikia yakiwa na usukani wa upande huo huo. Naielewa tamaa. Lakini kuhamisha ni kukata ukuta wa injini, kuunga shafti, kusogeza silinda ya breki, kukata nyaya za erbegi, na kuomba vyote vishike kwa siku moja. Kama huna pesa ya gari lililotoka kiwandani na usukani wa kushoto, endesha hilo hilo la kulia, na ukitaka kulipita lori, mkalishe kushoto mtu mwenye macho mazuri na asiyelala.