Mita janja sawa, lakini laini ya Ludewa je?

Mwaka 2024 karibu kila nyumba yenye LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, ilipitia zoezi lile lile. Ulinunua umeme, na badala ya tarakimu 20 ulizozoea ukapokea makundi matatu: mawili ya kuboresha mita, la tatu ndilo lenye uniti zako. Aliyekosea mpangilio alianza upya, na wazee wengi waliita wajukuu. Tarehe ya mwisho ilikuwa 24 Novemba 2024, na sababu yake ilikuwa hesabu tu. Mita za namna hii duniani kote hupiga kila tokeni, yaani namba hizo unazoingiza, muhuri wa muda kwa kuhesabu dakika tangu Januari 1993, na nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo inatosha dakika milioni 16.7 hivi, yaani miaka isiyofika 32. Ikajaa.

Zoezi lilipita na nchi haikuingia gizani. Lakini lilituonyesha tuna mita ya aina gani. Ni mita isiyosikia wala kusema. Kila ujumbe kati yake na kompyuta za shirika la umeme, Tanesco, hubebwa na mteja, kwa kidole, tarakimu moja moja. Mita janja, ambazo baadhi ya wateja wameshaanza kufungiwa, hutuma na kupokea taarifa zenyewe kupitia mtandao wa simu au kupitia waya wa umeme. Unalipia kwenye simu na uniti zinaingia. Mtu akiichezea, inaripoti. Umeme ukikatika, inatoa taarifa ya mwisho kabla ya kuzimika.

Kwa mikoa yetu ya Nyanda za Juu Kusini, teknolojia hii naiunga mkono. Ninachopinga ni mpangilio wake. Tukianza na ukuta wa nyumba ya mteja, tutakuwa tumeanzia mwisho.

Nianze na yanayostahili sifa, maana si madogo. Leo transfoma ikiungua kijijini saa nne usiku, ofisi ya wilaya hujua pale mtu mwenye salio na subira anapopiga simu. Wakilala wote wakidhani jirani amepiga, taarifa inafika asubuhi. Mita inayosema huondoa kubahatisha huko. Pia inawabana vishoka, wale mafundi wa mitaani wanaochepusha waya upite nje ya mita, kwa sababu wizi wa namna hiyo huacha alama kwenye kumbukumbu za matumizi.

Kubwa zaidi kwangu ni mgao. Wanaokumbuka 2006 na 2011 wanajua mgao ulivyofanya kazi: laini nzima inazimwa, na hospitali, saluni, mashine ya kusaga na nyumba yenye taa mbili vyote vinaingia gizani pamoja. Mita janja inaruhusu njia nyingine. Badala ya kukata laini, kila nyumba inapunguziwa kiwango, taa na simu vinaendelea, pasi na jiko vinasubiri. Afrika Kusini ililijaribu jambo hili Johannesburg mwaka 2023. Italia, iliyobadilisha mita zipatazo milioni 30 kuanzia 2001, imezoea kitambo mita inayokata yenyewe mteja anapovuka kiwango cha mkataba wake. Kama ukame utaturudisha kwenye mgao, ningependa tuingie tukiwa na chombo hicho mkononi.

Sasa upande wa pili. Mita ya malipo ya kabla ni mrija unaoingia moja kwa moja kwenye mfuko wa mteja, na mrija ukishakuwepo wengi huona matumizi yake. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU, kwanza shilingi 1,000 kwa mwezi, kisha 1,500 kuanzia Julai 2023. Kisheria kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Anayenunua tokeni Mwanjelwa ya Mbeya au Kihesa ya Iringa mara nyingi ni mpangaji, na kumdai baba mwenye nyumba shilingi 1,500 kila mwezi ni ugomvi ambao wengi wameamua hauna faida. Sisemi kodi ni mbaya. Nasema mita ilipewa kazi ambayo mteja hakuulizwa, na mita janja itakuwa na uwezo mkubwa zaidi wa kupewa kazi kama hizo, ikiwa ni pamoja na kuzimwa kutoka mbali.

Halafu kuna siri za nyumbani. Matumizi ya umeme yakisomwa kila nusu saa yanaonyesha saa mnayoamka, siku ambazo hamkulala nyumbani, na kama mmenunua friji. Uholanzi mwaka 2009 baraza la juu la bunge lilikataa mita hizi kufanywa za lazima kwa hoja hiyo hiyo. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ni sheria nzuri ya kuanzia, ila bado inabidi mteja aambiwe kwa lugha nyepesi nani anasoma nini na kwa muda gani.

Na kuna hatari ya kutegemea kompyuta moja. Mei 2021 mfumo wa LUKU ulikwama kwa siku kadhaa. Watu wenye pesa mkononi walikosa umeme na foleni zikajaa kwenye ofisi. Nchini Ukraine, Desemba 2015, wavamizi wa mtandao waliingia kwenye kompyuta za makampuni ya usambazaji na kuwazimia umeme wateja wapatao 225,000. Kilichowaokoa ni kwamba mafundi waliweza kwenda vituoni na kuwasha swichi kwa mkono, na umeme ukarudi baada ya saa chache. Gridi iliyojaa vitambuzi na haina fundi mwenye funguo za kituo ningeiogopa.

Lakini mjadala huu wa mita, pande zote mbili, unaniacha na wasiwasi mmoja: unazungumza kana kwamba tatizo la umeme la Nyanda za Juu liko nyumbani kwa mteja. Haliko huko. Liko kwenye laini za msongo wa kilovolti 33.

Tazama ramani. Kutoka vituo vya kupoza umeme vilivyo kandokando ya barabara kuu, laini hizi hupanda na kushuka milima kwenda wilaya za Makete, Ludewa, Rungwe, Kyela, Ileje. Ni ndefu, nyingi zina njia moja tu ya kuleta umeme, na nguzo zake ni miti, tena miti ya kwetu wenyewe, kwa kuwa Mufindi na Njombe ndiko kunakotoka nguzo nyingi za nchi hii. Rungwe mvua ni ya karibu mwaka mzima. Radi tunazijua. Mkaratusi ukianguka bondeni, au tawi la mparachichi likigusa waya, laini yote inazimika hadi mafundi waitembee, mara nyingine usiku na kwenye utelezi, wakitafuta mahali pabaya.

Hapa ndipo teknolojia inapolipa haraka. Sehemu kubwa ya hitilafu za laini za juu ni za kupita: tawi limegusa likaanguka, radi imepiga ikaisha. Swichi ya juu ya nguzo ambayo mafundi huiita rikloza hukata, husubiri sekunde chache, hurudisha yenyewe. Kama tatizo bado lipo, baada ya majaribio machache inabaki imekata, na wateja walio kabla yake wanaendelea kupata umeme kana kwamba hakuna kilichotokea. Ukiongeza vitambuzi vinavyowaka mahali mkondo mbovu ulipopita, fundi anapelekwa kwenye nguzo kumi za kukaguliwa badala ya mia tano. Hakuna nyumba iliyobadilishiwa mita, na kijiji kizima kimeona tofauti.

Mfano mwingine ni Mbarali. Msimu wa mpunga, mashine za kukoboa za Igurusi na Ubaruku huwaka pamoja, msongo unashuka, na umeme unakuwa ule tunaouita umeme mdogo: taa nyekundu, friji inanguruma bila kugandisha, mota inapata joto hadi inaungua. Mkondo kwenye waya ukizidi mara mbili, umeme unaopotea kama joto njiani unazidi mara nne. Kwa hiyo laini iliyolemewa inamwumiza mteja na inaitia hasara Tanesco kwa wakati mmoja. Vifaa vya kurekebisha msongo katikati ya laini, na kitambuzi kwenye transfoma kinachotoa taarifa kabla haijaungua, ndiyo dawa. Na tukumbuke serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Jiko la umeme jijini Mbeya saa moja jioni linatua kwenye transfoma ile ile iliyofungwa kwa ajili ya taa na redio.

Tanesco inaweza kunijibu, na jibu lina uzito: laini zinakula pesa, mita zinaleta pesa, bila makusanyo, rikloza zitanunuliwa na nini? Nakubali nusu. Lakini umeme mwingi hutumiwa na wateja wachache: viwanda vya chai na karatasi Mufindi, saruji Songwe, maziwa Iringa, mashine za kukoboa, hoteli. Wafungiwe hao kwanza. Kisha ifungwe mita moja kwenye kila transfoma, ilinganishwe na jumla ya tokeni zilizonunuliwa na nyumba zinazoitegemea. Penye tofauti kubwa ndipo penye kishoka. Namna hiyo wizi unasakwa bila kumfungia mita mpya bibi wa Kitulo, kule Makete, anayetumia uniti chini ya 75 kwa mwezi na kulipia shilingi 100 kwa uniti. Mita yake itachukua miaka mingapi kurudisha gharama?

Tena huko Kitulo mita ya mtandao wa simu inahitaji mtandao wa simu. Kwenye mabonde ya Makete na upande wa Ziwa Nyasa wa milima ya Livingstone, mawimbi ni ya kubahatisha. Na mnara wa simu nao unakula umeme. Katizo likirefuka hadi betri zake ziishe, mita janja zote zinanyamaza saa ile ile tunayozihitaji.

Gridi kubwa ni habari nyingine, na hapo sioni hata cha kubishania. Njia ya kilovolti 400 kutoka Tagamenda, Iringa, kupitia Kisada hadi Iganjo, Mbeya, kisha Tunduma na Sumbawanga, ndiyo itakayotuunganisha na Zambia. Tangu Desemba 2024 tumeshaungana na Kenya. Siku njia zote mbili zinafanya kazi, Mbeya itakuwa mlango kati ya umeme wa Afrika Mashariki na wa Kusini, na hitilafu ya mbali itatufikia kabla hujapepesa jicho. Hata ndani ya nchi ukubwa umebadilika: mashine moja ya Bwawa la Nyerere ni megawati 235, na ziko tisa, wakati Kihansi nzima, kituo cha umeme wa maji ambacho tulizoea kukiona kikubwa, ni megawati 180. Mashine moja ikitoka ghafla, binadamu mwenye simu hawezi kuwahi. Mitambo ya kujiendesha ndiyo inayoamua mashine ipi iongeze umeme na laini ipi ikatwe ili kasi ya umeme ya mizunguko 50 kwa sekunde isianguke. Orodha ya laini za kukatwa kwanza, hata hivyo, inaandikwa na watu, na ningependa kujua sisi wa wilayani tuko namba ngapi.

Kuna jambo dogo ambalo linanivutia kuliko yote haya. Nyanda hizi zina mitambo midogo ya maji inayouza umeme au kuhudumia vijiji: Mwenga kule Mufindi yenye megawati 4, Tulila ya masista wa Chipole yenye megawati 5, ule wa Mawengi huko Ludewa. Kwa kawaida mtambo mdogo uliounganishwa na gridi hujizima gridi inapozima, kwa usalama wa mafundi walioko kwenye waya. Swichi na udhibiti wa kisasa unaweza kuutenga na eneo lake ukaendelea kuwasha vijiji vya jirani hadi gridi irudi. Maji yanapita mtoni usiku kucha, na wanaokaa mita chache kutoka hapo wako gizani. Hili lingekuwa jambo la kwanza kulijaribu, na wahandisi wanaohitimu Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya wasingekosa la kufanya.

Gharama za haya yote zitaingia kwenye bei siku moja, na kabla ya kupandisha bei EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, huitisha taftishi, yaani mkutano wa kusikiliza maoni, ambako mwananchi anaruhusiwa kusimama na kuuliza. Mimi ningeomba kitu kimoja: idadi ya makatizo na muda wake, laini kwa laini, mwaka kabla ya vifaa kufungwa na mwaka baada. Wastani wa mkoa hautusaidii, kwa sababu Mwanjelwa yenye wateja wengi itaificha Busokelo ya kijijini. Wala isisemwe kwamba takwimu hizo ni ngumu kupata. Rikloza huhesabu yenyewe kila inapokata na kuandika saa.