Bei Inayotajwa kwa Samahani

Nimezichoka semina za kujiamini. Hapa Dodoma hazikosekani, hasa Machi ikikaribia na Siku ya Wanawake: ukumbi umepambwa, sare za vitenge zimeshonwa, na mzungumzaji mwenye kipaza sauti anatuambia tusimame, tumshike mkono jirani na tuseme kwa nguvu "mimi naweza". Tunasema. Tunapiga picha. Jumatatu inayofuata, mama aliyepiga kelele kuliko wote anapigiwa simu na ofisi moja kule Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, inayotaka chai ya watu arobaini, naye anataja bei isiyotosha hata kununua mkaa.

Kazi yangu ni kutunza hesabu za wafanyabiashara wadogo, na wengi wao ni wanawake: mama lishe waliokua hadi kuwa wapishi wa shughuli, washonaji, wasindikaji wa zabibu na alizeti, wenye saluni, wachache wenye kampuni za usafi. Nayaona madaftari yao, risiti zao na ujumbe wanaoandikiana na wateja. Kwa niliyoyaona humo, ukitaka kujua mwanamke mfanyabiashara anajionaje, usimuulize. Omba kuona profoma yake, ile karatasi ya bei anayompa mteja kabla ya kazi. Wasiwasi anaouficha kwenye semina ataandika mwenyewe pale, kwa tarakimu.

Hali yenyewe imeshachunguzwa na wasomi. Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliandika kuhusu wanawake zaidi ya 150 waliokuwa na shahada za juu na vyeo vya kuheshimika, lakini ndani kwa ndani walijiona walaghai wanaosubiri siku ya kuumbuka. Wakifaulu, walisema ni bahati, au aliyewapima amekosea. Tafiti zilizofuata zikaonyesha kwamba wanaume nao wanayo hali hiyo. Mama wa Chang'ombe, hapa Dodoma, hajasikia habari za Clance wala Imes, ila maneno ya wanawake wale anayasema kila wiki: "Ni bahati tu dada." "Walimkosa mtu mwingine ndipo wakaniita mimi." "Mimi nina kabiashara tu, sina kampuni."

Hapa nisieleweke vibaya. Kusema "ni Mungu tu" ni imani na ni adabu, nami nasema hivyohivyo. Tatizo linaanza pale shukrani inapogeuka punguzo.

Mteja wangu mmoja ni mpishi wa shughuli. Alianza na genge la chakula karibu na Soko la Majengo. Leo ana masufuria ya kulisha watu mia tatu, leseni ya biashara na wasaidizi wanaomtegemea. Msimu mmoja wa Bunge la bajeti, ile Aprili hadi Juni ambapo mji huu unafurika wageni na vyumba vya kulala wageni havipatikani, ofisi moja ikamwomba profoma ya chakula cha mchana kwa watu 60. Akaandika shilingi 7,000 kwa sahani. Tukakaa mezani kwangu tukaichambua sahani hiyo: mchele, nyama, kuku, mafuta, mboga, matunda, maji ya chupa, gesi na mkaa, gari la Noah la kupeleka vyombo na kuvirudisha, malipo ya wasaidizi. Jumla, sahani ilikuwa inamgharimu 6,100. Ikabaki 900. Mara 60 ni 54,000.

Bado kuna kodi ya zuio. Kwa huduma ofisi hukata asilimia 5 kabla ya kukulipa, yaani 21,000 kutoka kwenye zile 420,000. (Hela hiyo haipotei. Unapewa cheti, nayo inahesabiwa kwenye kodi yako ya mwaka. Ila siku ya malipo huioni, na wanaosahau kudai cheti hawaioni kabisa.) Kwa hiyo mkononi angebaki na 33,000 kwa siku mbili za mbio za sokoni, kuamka saa tisa usiku, na kusubiri malipo ambayo nayo yana tabia ya kuchelewa. Kijana wake wa kuosha vyombo angeondoka siku hiyohiyo na hela yake mfukoni, haidaiwi na mtu.

Nikamuuliza, "Mama, kwa nini elfu saba?"

"Nikisema kumi watasema huyu naye anajiona nani."

"Nani kasema?"

"Hajasema mtu. Lakini watasema."

Tukaandika 10,000. Akanisihi niweke mstari mdogo chini, "bei inapungua". Nilikataa, akanuna kidogo. Ofisi ikapitisha ile profoma bila hata kupiga simu. Baadaye ofisi nyingine iliiona bei hiyo kubwa ikaenda kwa mtu mwingine, akakosa kazi ile. Inatokea. Aliyekosa kazi ya hasara hajapoteza sana, ingawa najua mwenye ada ya shule ya kulipa halioni hivyo kwa urahisi.

Watu wakisikia habari kama hii wanakimbilia kusema wanawake wa huku wana haya kwa sababu ya mila. Mimi ni Mgogo, na jibu hilo halinitoshi. Kwetu ngoma za muheme hupigwa na wanawake, mbele ya kijiji kizima, na sijapata kumsikia mpiga muheme akiomba radhi kabla ya kuanza kupiga. Haya hiyo inatoka kwingine.

Sehemu yake inatoka kwenye utani. Mgogo ametaniwa kwa kuomba tangu bibi zetu, na wachache wanaotania wanajua kwamba nyuma ya utani huo kuna njaa za kweli. Kuna ile ya Mtunya, wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia na baada yake, ambapo majeshi ya Wajerumani kisha ya Waingereza yalichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo, mvua nazo zikakataa, watu wakatawanyika kutafuta chakula. Nacheka na watani wangu kama kawaida. Lakini nimewasikia wanawake wa Kigogo wakitaja bei ya kitu walichokitengeneza kwa mikono yao kwa sauti ya mtu anayeomba msaada, na sidhani sauti hiyo imetoka hewani.

Sehemu nyingine ni mji wenyewe. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ni wa mwaka 1973, ila mbio zenyewe tuliziona kuanzia 2016, na Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Wanawake waliokuwa wakipika, kushona na kusafisha mji huu miaka yote wakajikuta wanagombea kazi na kampuni kutoka Dar zenye gari lililochorwa nembo na profaili ya kurasa ishirini zenye picha za kung'aa. Tangu 2024 treni ya umeme inamleta mshindani huyo asubuhi na kumrudisha jioni. Ni rahisi kuamini kwamba mwenye karatasi inayong'aa anajua kazi kuliko wewe. Nimeshika hesabu za baadhi ya hao wenye kung'aa, na sitasema zaidi.

Halafu kuna maswali. Mwanamke anaingia ofisini na nyaraka za kampuni yake, anaulizwa, "Bosi wako yuko wapi?" Mwingine alikwenda benki kufungua akaunti ya biashara, ofisa akamuuliza kama shemeji, yaani mumewe, anajua. Hapo tutenganishe mambo. Ukitaka kuweka rehani nyumba ya familia, sheria inataka ridhaa ya mwenza wako, uwe mke au mume, na ni sheria nzuri iliyookoa nyumba za wanawake wengi. Kufungua akaunti si kuweka rehani nyumba. Swali la shemeji halina kifungu chochote, ni mazoea ya ofisa tu, na mwanamke akiulizwa hivyo mara kwa mara huanza kuhisi kwamba kweli kuna mtu mwingine anayepaswa kuwepo pale. Kisha tunamwita semina tumfundishe kujiamini! Huyo ofisa yeye ataitwa semina gani?

Hata hivyo kuna wasiwasi ninaoutetea. Ukiogopa kuingia zabuni kwa sababu hujui NeST, mfumo wa zabuni za umma mtandaoni, unavyofanya kazi, huo ni ujumbe kwamba kuna kitu hujakijua, na dawa yake ni kwenda kukijifunza. Ukiogopa kuuza juisi ya zabibu madukani kwa sababu hujapata alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango, uko sahihi kabisa, nenda huko TBS au SIDO, shirika la viwanda vidogo, wakuelekeze. Sipendi pale tunapowaambia wanawake kwamba kila shaka ni ugonjwa wa moyo unaotibiwa kwa kujisifu mbele ya kioo. Jiulize tu: je, kuna kitu mahususi ninachokosa, ninachoweza kukitaja kwa jina? Ukiweza kukitaja, kitafute. Ukishindwa, na bado unahisi hustahili, basi hapo ndipo daftari linapoingia.

Namaanisha daftari la kawaida la kaunta. Upande mmoja andika kila kazi uliyoifanya: tarehe, mteja, idadi, ulichotoza, kilichokugharimu pamoja na muda wako, na kama aliita tena. Muda wako uandike kwa shilingi, kwa kiwango kilekile ambacho ungemlipa mtu wa kukushikia nafasi. Hapo ndipo wengi wanapokwama. "Muda wangu nao niuandike?" Ndiyo, mama, uandike. Upande wa pili andika kazi ulizokosa na sababu uliyoambiwa, na kama hukuambiwa, ulizia. Baada ya miezi kadhaa utakuwa na ushahidi ambao hakuna semina inayoweza kukupa. Utaona wateja walioita tena hawakuita kwa bahati. Na huenda ukaona kwamba chapati zako zinakula faida ya pilau lako, jambo ambalo nalo ni vizuri kulijua.

Karatasi nazo zinasaidia: TIN, yaani namba ya mlipakodi, usajili wa jina la biashara au kampuni BRELA, leseni, risiti za mashine ya EFD mauzo yako yakifikia kiwango chake. Nimeona mgongo wa mtu ukinyooka siku alipopata cheti cha usajili chenye jina alilolichagua mwenyewe. Ila tahadhari kidogo, kuna wanaojificha nyuma ya karatasi. Kila mwaka kozi nyingine, cheti kingine, na biashara bado "inajipanga". Kabati limejaa vyeti vya ujasiriamali na hakuna profoma hata moja iliyotoka nje ya nyumba.

Jambo ninalolisukuma zaidi siku hizi ni kuambizana bei. Kwenye vikoba na vikundi tunajua mambo mengi ya wenzetu: nani ana mkopo, nani mumewe hatoi hela ya matumizi, nani mwanawe kafeli. Bei tunafichana. Wapishi wawili wanaokaa safu moja kanisani hawajui mwenzake anatoza kiasi gani ofisini, kwa hiyo kila mmoja anakisia, na anakisia chini. Wanaume niliowashikia hesabu huambizana, tena kwa majigambo. Anayetoza kidogo anachekwa baa nzima. Sitaki tuchekane, ila ningependa kikundi kimoja cha wapishi, tuseme cha Nkuhungu au Kisasa, kikae jioni moja bila mgeni rasmi, kila mmoja aje na profoma zake za mwisho, zisomwe kwa sauti.

Naona haraka katika hili kwa sababu milango iliyo wazi si midogo. Sheria ya ununuzi wa umma inazitaka taasisi zitenge asilimia 30 ya ununuzi wa mwaka kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 zikiwa za wanawake, na baada ya kusitishwa mwaka 2023 mikopo hiyo ilirudi mwaka uliofuata. Wengi wananiambia hizo ni za wenye kujuana. Kuna mahali wanasema kweli, na linapaswa kusemwa hadharani. Lakini nimeona pia vikundi vilivyopata, vikaingia kazini kwa bei ya woga, na mkopo usio na riba ukawashinda kuurejesha kwa sababu kila sahani iliyotoka ilitoka na hasara.

Yule mama wa sahani 7,000 sasa anazitoza ofisi 10,000, na akiulizwa kama inapungua, anajibu idadi ya watu ndiyo inayoweza kupungua. Misibani anapika kwa bei yake ya zamani, wakati mwingine kwa gharama tupu. Nilimpigia hesabu nikamwonyesha misiba inamla kiasi gani kwa mwaka. Akaitazama ile karatasi, akaikunja, akaniambia msiba hauandikiwi profoma. Nimeacha kubishana naye kuhusu hilo.