Filbert Bayi hakuwa anajilipua

Fainali ya mita 1500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974, imesimuliwa Tanzania mara nyingi mno. Kijana wa Karatu alitoka mbele bastola ilipolia, akakaa mbele mizunguko yote, akavunja rekodi ya dunia kwa 3:32.16. Hapo hapana ubishi. Ubishi wangu ni juu ya maelezo yanayofuata, kwamba Filbert Bayi alikuwa jasiri tu, kwamba alijilipua bila hesabu na bahati ikamwangukia. Sikubaliani na maelezo hayo hata kidogo, na ushahidi uko kwenye saa.

Tuanze na ukubwa wa siku yenyewe. Rekodi ya Jim Ryun wa Marekani, 3:33.1, ilikuwa imekaa tangu 1967. Siku ile iliangushwa na watu wawili kwa mpigo: Bayi, na John Walker wa New Zealand aliyemaliza wa pili kwa 3:32.52. Walker alikimbia chini ya rekodi ya dunia na bado akavishwa medali ya fedha. Ben Jipcho wa Kenya alikuwa wa tatu kwa 3:33.16, Rod Dixon wa nne kwa 3:33.89, Graham Crouch wa tano kwa 3:34.22. Mbio zile hazikuwa na mtu wa kulipwa kuwavuta wenzake. Aliyewavuta wote ni mshindi mwenyewe.

Sasa hesabu. Sekunde 212.16 ukizigawa kwa mizunguko mitatu na robo tatu, kila mmoja wa mita 400, unapata wastani wa sekunde 56.6 kwa mzunguko. Bayi alipita mita 400 chini kidogo ya sekunde 55, akapita 800 kwa karibu 1:52, na 1200 kwa karibu 2:51. Maana yake mzunguko wa kwanza ulikuwa wa kasi kuliko wastani kwa karibu sekunde mbili, wa pili ulikaribia wastani, na wa tatu ulikuwa wa polepole kuliko yote, karibu 59. Kisha mita 300 za mwisho akazimaliza kwa sekunde 41 na ushei, mwendo ambao ungetoa mzunguko wa sekunde 55. Mtu aliyejilipua hamalizi hivyo. Aliyejilipua mzunguko wake wa tatu ni 60, na mita 300 za mwisho ni mbaya zaidi kwa sababu hana tena kitu mguuni. Bayi alipunguza mwendo mahali alipopachagua, akapumua, akaongeza tena pale Walker alipofika mgongoni.

Huo mzunguko wa tatu ndio sehemu ya kutazamwa kwa makini kuliko nyingine yoyote. Kiongozi akiwa na pengo la mita 20 baada ya 800, wanaomfuata wana njia mbili. Wamwache, wakitumaini atakufa mwenyewe, au walifunge pengo. Kulifunga lote ndani ya mzunguko mmoja kunahitaji wakimbie mzunguko huo haraka kuliko yeye kwa karibu sekunde tatu, na sekunde hizo hulipwa mita 100 za mwisho. Kwa hiyo kiongozi anayepunguza kidogo kwenye mzunguko wa tatu anawaalika wamfuate wakati ambao kumfuata ni ghali kwao na kupumzika ni rahisi kwake.

Lipo jambo jingine ambalo wasimuliaji hulisahau. Kwenye michezo hiyohiyo Bayi alikuwa amekimbia fainali ya mita 800 na kushika nafasi ya nne kwa 1:45.32. Weka namba hiyo kando ya ile 1:52 aliyopita nayo kwenye 1500. Alikuwa na akiba ya karibu sekunde saba. Kwa mtu mwenye akiba hiyo, 1:52 ni mwendo mkali lakini haujamfikisha kwenye ukuta. Kwa mtu ambaye 800 yake bora ni 1:49, mwendo huohuo ni kujiua. Kocha yeyote anayetaka kijana wake aongoze kutoka mwanzo aangalie kwanza namba hii kabla ya kuangalia moyo wa kijana.

Tuseme kijana ana uwezo wa 3:45. Wastani wake ni sekunde 60 kwa mzunguko na 45 kwa mita 300 za mwisho. Akitaka kukimbia kwa mtindo wa Bayi, mpango unaoshikika ni 58 mzunguko wa kwanza, 60 wa pili, 61.5 wa tatu, kisha 45.5 kwenye 300 za mwisho. Jumla ni 3:45 kamili. Ili apite 800 kwa 1:58 akiwa salama, anatakiwa awe amewahi kukimbia 800 kwa 1:51 au 1:52. Kama bora yake ni 1:55, aache kuongoza, akae wa pili au wa tatu na kutafuta nafasi kwenye kona ya mwisho. Wala si aibu. Ni mbio za aina nyingine.

Mtindo huu huharibika mahali panapojulikana. Kosa la kwanza hutokea kwenye mita 200 za mwanzo. Mpango unasema 29, damu imechemka, kijana anapita kwa 27. Hahisi kitu, kwa sababu katika dakika ya kwanza mapafu na moyo bado havijafikia kazi kamili, na mwili unatumia nishati isiyohitaji oksijeni. Nishati hiyo ni chache, na kadiri anavyokwenda kasi mapema ndivyo anavyoimaliza mapema. Deni linaonekana kuanzia mita ya 900 au 1000: mabega yanapanda, mikono inaanza kukatiza kifuani, hatua zinafupika. Sekunde mbili alizoziiba mwanzoni zinageuka nne au tano mwishoni. Kosa la pili ni kupumzika mapema, kwenye mzunguko wa pili badala ya wa tatu, wakati kundi bado ni bichi. Hapo kulifunga pengo hakuwagharimu kitu, unawarudishia mbio bure. La tatu ni kugeuka nyuma. Anayegeuka hupoteza mstari wake, na anawaambia wanaomfuata kwamba ana wasiwasi. Kiongozi asikilize viatu vya spaiki vya wenzake na kelele za uwanja, zinatosha. Na siku ya upepo mkali kwenye mnyoofu, hata mwenye uwezo wote afikirie upya, maana aliye mbele anaukata upepo kwa ajili ya kundi zima.

Kuna faida moja ya kuongoza ambayo hata makocha wazuri huitaja kwa kupita tu, nayo ni njia ya ndani. Njia za uwanjani zina upana wa mita 1.22. Anayepita kona akiwa njia moja nje zaidi anakimbia karibu mita 3.8 za ziada kwa kila kona, na mbio za mita 1500 zina kona saba. Kwa mwendo wa Christchurch, mita 3.8 ni zaidi ya nusu sekunde. Tofauti kati ya Bayi na Walker ilikuwa sekunde 0.36, yaani kama mita mbili na nusu. Kiongozi anashika ukingo wa ndani bila kumwomba mtu, habanwi, hakanyagwi kisigino, halazimiki kufunga breki na kuanza tena. Ukimtoza gharama ya upepo, mpe na hesabu ya kona.

Mazoezi ya kumtengeneza mtu wa namna hii hayana siri. Kwa yule wa 3:45, zoezi zuri ni mita 800 kwa 1:58, apumzike sekunde 60, mita 400 kwa 61, apumzike sekunde 30, kisha 300 kwa 45. Afanye peke yake, bila mtu wa kumvuta, mara moja kila baada ya siku kumi hivi katika majira ya mashindano. Akishindwa kufika 45 kwenye ile 300, usiongeze moyo. Rudisha 800 hadi 2:00 na ujenge upya. Zoezi la pili ni la kujua mwendo: mita 200 mara nane kwa sekunde 29 hadi 29.5, na saa aishike kocha, kijana akisie muda wake kabla ya kuambiwa. Asipoweza kukisia ndani ya nusu sekunde, hayuko tayari kuongoza fainali.

Tarehe 17 Mei 1975, Kingston, Jamaica, Bayi alifanya tena, safari hii kwenye maili. Alianza kwa utulivu zaidi, mzunguko wa kwanza ukiwa karibu sekunde 57, akaongoza mpaka mwisho na kuandika 3:51.0, sehemu moja ya kumi ya sekunde chini ya rekodi ya Ryun. Walker aliichukua mwezi Agosti mwaka huohuo kwa 3:49.4 mjini Göteborg. Kingston inathibitisha kwamba Bayi alikuwa na zaidi ya gia moja. Aliupanga mwendo kulingana na umbali na wapinzani.

Montreal 1976 inauma mpaka leo. Tanzania ilikuwa mstari wa mbele katika kususia, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa inazuru Afrika Kusini ya makaburu na New Zealand haikufukuzwa kwenye Olimpiki. Naamini msimamo ule ulikuwa sahihi. Naamini pia kwamba Bayi alilipa bei ambayo wengi wetu tusingeweza kulipa, na tusiitaje kama jambo dogo. Fainali ya 1500 ilikimbiwa bila yeye. Walker alishinda kwa 3:39.17, sekunde saba nyuma ya muda wa Christchurch. Hakuwepo mtu wa kuwatoa wenzake kwenye kuviziana, kundi likaenda taratibu, na medali zikaamuliwa na umaliziaji.

Moscow 1980 alihamia mita 3000 za kuruka viunzi na maji. Aliongoza kwa pengo kubwa, na safari hii akakamatwa. Bronisław Malinowski wa Poland alimpita mzunguko wa mwisho na kushinda kwa 8:09.70, Bayi akachukua fedha kwa 8:12.48, Eshetu Tura wa Ethiopia shaba. Kwa nini mbinu ileile ilishindwa? Viunzi 28 vya sentimita 91.4 na maji mara saba havimruhusu mtu kupumzika kama Bayi alivyopumzika mzunguko wa tatu kule Christchurch. Ukipunguza mwendo, hatua zako haziangukii tena mahali sahihi mbele ya kiunzi, unalazimika kusogeza mguu, unaruka juu zaidi, unatua kwa uzito. Ukichoka unatumbukia ndani zaidi ya maji na kuanza upya kutoka mwendo mdogo. Malinowski alikuwa mtaalamu wa viunzi na alijua kusubiri. Medali ile ya fedha ni heshima kubwa. Pamoja na ya Suleiman Nyambui ya mita 5000 kwenye michezo hiyohiyo, ndizo medali mbili tu za Olimpiki ambazo Tanzania imewahi kupata.

Mtindo wenyewe haukufa. David Rudisha wa Kenya aliongoza fainali ya 800 ya London 2012 tangu mwanzo, mzunguko wa kwanza 49.28, akamaliza kwa 1:40.91, rekodi ya dunia bila wa kumvuta. Rekodi ya Bayi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola nayo ilisimama hadi 2022, Oliver Hoare wa Australia alipokimbia 3:30.12 Birmingham. Miaka 48, huku viatu, viwanja na kila kitu kikibadilika.

Kinachonikera ni hapa nyumbani. Namba 3:32.16 bado ndiyo rekodi ya taifa ya mita 1500. Vipaji vimekwenda barabarani, na huko kuna matunda ya kweli: Alphonce Simbu alitwaa dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo 2025, na kila Mtanzania alistahili kufurahi. Lakini barabara hailei mkimbiaji wa 1500. Anayehamia nusu marathoni akiwa na miaka 19 kwa sababu ndiko zawadi ziliko, hatapata kamwe ile kasi ya 800 ambayo mtindo wa Bayi unaidai. Kwa hiyo nikiulizwa pa kuanzia, sitaji sanamu wala sherehe za kumbukumbu. Naanza na mita 800 za uwanjani kwa vijana wa miaka 16 hadi 20, nyingi, zenye saa ya kuaminika, kuanzia UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, hadi kwenye vikosi vya jeshi ambako Bayi mwenyewe alilelewa kimichezo. Mbio nane au kumi kwa mwaka kwa kila kijana, na muda wa kila mita 200 uandikwe. Mwenye 1:51 mkononi akishapatikana, ndipo tumfundishe kupita 800 ya kwanza kwa 1:58 akiwa mbele ya wote.