Moto wa Ndani

Guangzhou, China, nilikwenda kununua viatu vya kike vya jumla, sikwenda kuugua. Lakini siku ya nne ilifika sijapata choo tangu niteremke kwenye ndege, tumbo limejaa gesi, ukilipiga kidole linalia kama ngoma.

Mwenyeji wangu, kijana wa Tanga anayeishi mtaa wa Xiaobei, akanipeleka duka la dawa za Kichina. Mzee wa pale hakuuliza hata jina. Aliniwekea vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono, akafumba macho kama anayetafuta stesheni ya redio. Kisha akataka ulimi. Akautazama, akasikitika kwa namna iliyonifanya niwaze wasia. Akaongea na simu yake, simu ikanitafsiria: "Ndani yako kuna moto."

Nikafungiwa majani makavu kwenye karatasi. Niyatie maji ya moto kidogo kidogo, kikombe kimoja, usiku.

Saa tatu usiku nikanywa. Saa nne, kimya. Nikajisemea, dozi hii ni ya Wachina, mimi mtu wa ugali. Nikaongeza kikombe. Saa tano nikaongeza kingine, nikalala.

Saa tatu asubuhi nipo sokoni, kikokotoo mkononi, tunavutana bei ya jozi mia mbili. Tumbo likanguruma. Muuzaji akadhani nimekataa, akapunguza. Likanguruma tena, akapunguza tena. Mara ya tatu sikungoja bei.

Choo kilikuwa cha kuchuchumaa, ambacho nimekulia nacho. Ila kopo la maji hakuna, na karatasi kule kila mtu huja na zake. Mimi mfukoni nilikuwa na risiti za siku nne. Mahesabu ya safari ile hayajalingana mpaka leo.

Jioni, miguu ikitetemeka, nikampigia bibi Tanga kwa video, nikamwonesha yale majani. Akavaa miwani.

"Mjukuu wangu, si sanamaki hiyo?"

Sanamaki! Ile niliyokuwa nikikimbizwa nayo uani, pua imebanwa, kila nikifunga choo. Mwenyeji akaisoma karatasi: fan xie ye, majani ya kigeni ya kuharisha. Yaani hata Wachina wenyewe wanayaita ya kigeni!

"Umepanda ndege kwenda kunywa sanamaki," bibi akasema. "Na ukalipa?"

Nikasingizia mtandao, nikakata.