Baraza Yangu Si Njia ya Tela

Mara ya tatu hii, wallahi. Baraza ya marehemu babu, watu wazima wa mtaa wanaikalia tangu mimi navaa kaptura, imeng'atwa tena. Nilikuwa ndani nakunja msala, nikasikia kraa! Kutoka nje, tairi la nyuma la tela limeshapanda barazani kama mgeni aliyekaribishwa, na utingo ndiyo kwanza anapiga kelele, "Basi! Basi!" Basi nini, bwana wee, na saruji ishalala chini?

Dereva kijana mdogo, ndevu bado zinatafuta njia. Kashuka, kaniamkia kwa adabu: "Shikamoo ami." Vumbi halijatua, yeye shikamoo. Ananambia, "Ami, mbona kichwa cha lori nimekipitisha salama?" Kichwa! Nani kakuuliza kichwa?

Nikamkalisha kwenye kipande cha baraza kilichobaki. Kikombe cha kahawa ndiyo kona yangu. Viberiti viwili nikavifunga kwa uzi, cha mbele kichwa, cha nyuma kontena. Nikakivuta cha mbele kuzunguka kikombe. Cha nyuma kikakata njia ya mkato, kikakipiga kikombe, kahawa yote kanzuni. "Umeona?" Tela ni kama mtoto anayekokotwa na mama yake sokoni Darajani, hapa kwetu Unguja: mama anazunguka dimbwi, mtoto anapita katikati. Na kontena la futi 40 limezidi mita 12. Mtoto gani huyo!

Sisi tunaendesha kushoto, basi kona ya kushoto ndiyo yenye mwiba. Madereva wenzake wanadhani dawa ni kupinda kulia kwanza wakiwa mbali, halafu warudi kushoto. Fanya hivyo hapa kwetu uone: ule upenyo wa kushoto, hujapumua, ishaingia vespa, ina baba, mama, watoto wawili na ndoo ya urojo. Nikamwambia, mwanangu, mkia ubane kushoto mwako pasipite mtu. Indiketa mapema, gia ndogo, mwendo wa kobe. Pitiliza mbele, kichwa kizame ndani ya njia panda mpaka ujione kama kona umeshaipita, hapo sasa kata. Jicho lisitoke kwenye kioo cha kushoto, utazame tairi la nyuma linakanyaga wapi. Usimtegemee utingo, wako nimemwona anachezea simu. Kichwa kitaingia upande wa wenzio, kwa hiyo ngoja pawe peupe. Daladala zitakupigia honi mpaka zikutaje ukoo, ziache. Ukiona hapatoshi, simama, shuka ukatazame mwenyewe. Hakuna aliyekufa kwa kushuka.

Na mtaa wenyewe huu, aliyeupima alipima kwa gari ya ng'ombe. Michenzani kule wana barabara pana mpaka mtu unaona choyo, lakini ghala la mwenye mzigo liko wapi? Uchochoroni kwangu! Kontena linatoka bandarini Malindi, linapita majumba yote ya watu, linakuja kunisalimia mimi.

Kijana kashika, lazima niseme kweli. Leo siku ya kumi anapita, tairi linaiacha baraza shubiri mbili, na honi ya salamu ananipigia. Aliyenuna ni fundi wangu wa saruji. Jana kapita na mwiko wake, kaitazama baraza nzima, kaniamkia kwa unyonge, na kahawa kaikataa.